Yatima wa Roma: nani alilinda mali yake, na nani alimlisha?

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Nasoma sheria mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba Warumi wa kale walikuwa na walezi wa kisheria wa yatima, na kwamba dola yao iligawa nafaka bure na posho za watoto. Je, mambo haya mawili yaliungana? Mtoto aliyefiwa na baba na hana kitu, mlezi wake aliwajibika kumlisha, au alipelekwa kwenye mgao wa serikali?"

Ndugu yangu, jibu ni hapana, tena mara mbili. Mlezi hakulazimishwa kumlisha yatima kwa fedha zake mwenyewe, na mgao wa serikali haukuuliza kama mtoto ana baba au hana. Ulezi ulifuata urithi. Migao ilifuata uraia. Mtoto asiye na urithi, na ambaye jina lake halimo katika orodha ya wanaopokea, aliachiwa mama yake, ndugu zake, au barabara. Jambo hili linaniuma kuliko jingine lolote katika sheria ya Kirumi, kwa sababu waliotunga sheria hizo hawakuwa watu wa kupuuza yatima. Waliwajali mno, ila macho yao yalimwona yatima mwenye mali tu.

Kwanza tujue nani alihesabiwa yatima. Huko Roma mtoto alikuwa chini ya mamlaka ya baba, au ya babu mzaa baba kama bado yu hai. Wote wawili wakishaondoka, mtoto alisimama peke yake kisheria: hata akiwa wa miezi mitatu, shamba, nyumba na watumwa vilikuwa vyake kwa jina lake. Mama kuwa hai hakukubadili chochote katika hesabu hiyo. Hali hiyo ilidumu hadi msichana afike miaka 12 na mvulana 14. Kuhusu wavulana wanasheria walibishana karne kadhaa. Wapo waliotaka mwili wa kijana ukaguliwe, na wapo walioshikilia umri, mpaka Kaisari Justinian alipoufunga mjadala mwaka 529 kwa kuweka miaka 14. Tena usidhani walikuwa watoto wachache. Wanahistoria wa idadi ya watu hukadiria kwamba takriban theluthi moja ya watoto wa Kirumi walikuwa wamefiwa na baba kabla ya kufika katikati ya ujana. Karibu kila ukoo ulikuwa na yatima wake, ndiyo maana sheria ya ulezi ikaandikwa kwa kina namna ile.

Mlezi alipatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni wosia: baba alimtaja mtu anayemwamini, ambaye wasomaji wa sheria ya Kiislamu wangemwita wasii. Baba asipoacha wosia, Sheria za Mbao Kumi na Mbili, yaani sheria za kale za Roma zilizoandikwa mwaka 451 na 450 KK, zilimpa ulezi ndugu wa karibu zaidi wa upande wa kiume, yaani kaka mkubwa, amu, au mtoto wa amu. Naye akikosekana, hakimu mkuu wa jiji pamoja na wengi wa watetezi wa umma, maofisa wa kuwatetea raia wa kawaida, walimteua mtu. Mikoani kazi hiyo ilikuwa ya magavana. Kaisari Marcus Aurelius alifika hata kuunda cheo cha hakimu ambaye shughuli yake ilikuwa kuteua walezi.

Hebu itazame kwa makini ile njia ya pili. Amu aliyekabidhiwa ulezi ndiye pia ambaye angerithi iwapo mtoto angekufa. Wanasheria walilitetea hilo kwa kusema kwamba faida ya urithi iende pamoja na mzigo wa ulezi, na hoja yao ina mantiki: anayetumaini kurithi shamba hataliacha liharibike. Lakini mantiki hiyo hulinda shamba, si shingo ya mtoto. Na Warumi wenyewe walilijua hilo vizuri. Baba aliweza kuandika katika wosia nani atarithi mtoto wake akifa kabla ya kubalehe, na mwanasheria Gaius anaeleza jinsi akina baba waangalifu walivyofanya: jina la mrithi huyo wa pili liliandikwa kwenye vibao vya peke yake, vikafungwa kwa uzi na nta, na juu yake likawekwa katazo kwamba visifunguliwe maadamu mtoto yu hai na hajabalehe. Anayejua kwamba kifo cha mtoto kitamtajirisha, Gaius anasema waziwazi, anaweza kumfanyia hila.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mwanahistoria Suetonius anaandika kwamba Galba, alipokuwa gavana huko Hispania kabla ya kuwa Kaisari, alimhukumu kusulubiwa mlezi aliyemwekea sumu yatima ambaye angemrithi. Mtu yule akapiga kelele kwamba yeye ni raia wa Roma na hastahili kifo cha namna hiyo. Galba akaamuru, eti kumpunguzia adhabu kwa heshima ya uraia wake, atundikwe juu ya msalaba mrefu kuliko mingine, uliopakwa chokaa nyeupe.

Sasa kazi yenyewe. Mlezi wa Kirumi hakulazimika kuishi na mtoto. Alikuwa mtunza mali. Mtoto akiwa chini ya miaka 7, mlezi alitenda kila kitu mwenyewe. Akishavuka hapo, mtoto aliweza kutamka maneno ya mkataba kwa kinywa chake, na mlezi, akiwa amesimama papo hapo, akatoa idhini. Mtoto aliweza kupokea zawadi bila idhini, lakini hakuweza kujifunga deni. Walezi wengi waliwekewa sharti la kuleta wadhamini wa kuahidi kwamba mali ya mtoto itabaki salama. Waliosamehewa ni wale waliochaguliwa na baba kwa wosia na wale ambao hakimu wa juu aliwateua baada ya kuwachunguza. Mwaka 195 Kaisari Septimius Severus akawakataza walezi kuuza mashamba ya yatima bila amri ya hakimu. Kabla ya hapo ardhi nyingi ilikuwa imekwenda.

Na mlezi akila mali ya yatima? Hapo Warumi hawakuwa na mzaha. Sheria za Mbao Kumi na Mbili zilikuwa tayari zimeruhusu mlezi anayeshukiwa kushtakiwa na kuondolewa angali kazini, na shtaka hilo liliweza kuletwa na karibu mtu yeyote. Wanawake, ambao kwa kawaida hawakuruhusiwa kuwashtakia wengine, hapa walifunguliwa mlango: mama, bibi, dada, hata yaya aliyemnyonyesha mtoto. Ulezi ukiisha, aliyethibitika kuiba alilipa mara mbili. Vilevile kulikuwa na kesi ya hesabu za ulezi, na aliyeshindwa ndani yake alipoteza heshima yake ya kiraia pamoja na fedha. Mzee Cato, katika karne ya 2 KK, alisema wahenga wao waliona kumtetea yatima ni jambo takatifu kuliko hata kutomdanganya mtu aliye chini ya ulinzi wako. Mwanasheria Masurius Sabinus alipopanga wajibu wa mtu kwa ngazi, aliwaweka yatima mbele ya wageni, mbele ya wategemezi, mbele ya ndugu wa damu.

Uzito wa kazi hiyo unauona pia kwa jinsi watu walivyoikimbia. Kitabu cha Taasisi cha Justinian, kilichoandikwa kwa wanafunzi wa sheria, kina sura nzima ya udhuru: mwenye watoto 3 hai akiwa Roma, 4 akiwa Italia, au 5 mikoani, alisamehewa; kadhalika aliyevuka miaka 70, aliye na mizigo mitatu ya ulezi tayari, tabibu, mwalimu wa sarufi. Udhuru uliletwa ndani ya siku 50. Aliyekaa zaidi ya maili 100 alihesabiwa siku moja kwa kila maili 20, na siku 30 za ziada. Nikisoma hesabu hizo za maili namwona mtu aliyetajwa mlezi wa mtoto wa marehemu rafiki yake akitafuta upenyo, na hakimu aliyekwisha kuzizoea mbinu zote akimsubiri.

Mahakimu nao walihitaji wa kuwachunga. Mwaka 74 KK Verres, hakimu mkuu wa jiji la Roma, alilifuata hekalu la Castor ambalo matengenezo yake yalikuwa katika mkataba wa marehemu Publius Junius, na sasa yalimhusu mwanawe mdogo. Hekalu halikuwa na kasoro. Ndipo mtu mmoja akamnong'oneza Verres kwamba hakuna nguzo duniani iliyosimama wima kabisa. Akatangaza nguzo ziwekwe wima, akampa mkandarasi wake kazi hiyo kwa sestersi 560,000 (sarafu ya Kirumi; 4 zilifanya dinari moja), zitoke katika mali ya yatima. Wakili Cicero alipomshtaki mwaka 70 KK alilieleza tukio hili kwa hasira ambayo bado inawaka ukiisoma.

Mama yuko wapi katika yote haya? Ulezi ulihesabiwa kuwa kazi ya kiume. Mama mjane aliweza kumlea mtoto, kumlisha na kumfunza, na hukumu ya Kaisari Alexander Severus ya mwaka 223 inasema hakuna wa kukabidhiwa malezi ya yatima kuliko mama yao, ikiwa hajawaletea baba wa kambo. Lakini fedha za mtoto hakuzigusa. Alilazimika kwenda kuomba mlezi ateuliwe, na akizembea alipoteza haki ya kumrithi mwanawe. Mwaka 390 ndipo mjane alipokubaliwa kuwa mlezi kisheria, kwa kiapo kwamba hataolewa tena.

Hapa naomba nikupeleke mbali na Roma, kwenye mkoa wa Arabia, upande wa Bahari ya Chumvi. Kati ya mwaka 1960 na 1961 wachimbuaji wakiongozwa na Yigael Yadin walikuta, ndani ya pango moja la jangwa la Yudea, mfuko wa ngozi wenye hati za mwanamke Myahudi aitwaye Babatha, wa kijiji cha Maoza. Mumewe wa kwanza alikuwa amekufa akamwachia mtoto wa kiume, Yesu, jina la kawaida kwa Wayahudi wa wakati ule. Mwaka 124 baraza la mji wa Petra liliteua walezi wawili, mmoja Myahudi, mwingine Mnabatea, yaani mwenyeji wa mkoa ule. Walezi hao walimpa Babatha dinari 2 kwa mwezi za kumtunza mtoto.

Babatha aliona haitoshi. Mwaka 125 aliandikisha hati dhidi yao mbele ya mashahidi, kwa nia ya kufika mbele ya gavana Julius Julianus. Hoja yake ni hesabu tupu. Ninyi, aliwaambia, mnamtolea mwanangu nusu dinari kwa kila dinari 100 za mali yake. Nipeni fedha hizo mimi, nitaweka rehani mali yangu mwenyewe, nami nitatoa dinari moja na nusu kwa kila 100, ili mwanangu alelewe kwa fahari. Kama ni viwango vya mwezi, anawapiga walezi mara tatu: asilimia 18 kwa mwaka dhidi ya 6 zao. Hakujua kuandika, na alisimama kupitia mwanamume, Yuda, anayejulikana pia kama mume wake wa pili. Katika mfuko uleule kuna nakala tatu za Kigiriki za maneno ambayo hakimu wa Kirumi aliyatumia kuanzisha kesi ya hesabu za ulezi. Fikiria: mwanamke asiyejua kusoma, wala si raia wa Roma, ametafuta na kuhifadhi maneno rasmi ya sheria ya watu waliomtawala kwa miaka 20 hivi tu, kwa sababu ya mtoto wake.

Hakupata alichotaka. Stakabadhi ya Agosti 132 inaonyesha amepokea dinari 6 kwa miezi mitatu. Dinari 2 zilezile. Vita ya Bar Kokhba, uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma, ilipozuka alikimbilia pangoni na hati zake.

Mtoto wa Babatha alikuwa na mali, hata kama ni kidogo. Swali lako ni la yule asiye nayo, na jibu lake limo ndani ya mstari mmoja wa Ulpian, mwanasheria mkubwa wa mwanzo wa karne ya 3, uliohifadhiwa katika kitabu cha 27 cha Digesta, mkusanyo wa maandishi ya wanasheria uliotolewa na Justinian. Ulpian anaeleza kwamba hakimu ndiye anayepanga kiasi ambacho mlezi atatoa kwa chakula na matunzo ya mtoto, kiongezwe mali ikiongezeka, kipunguzwe ikipungua. Kisha anasema: yatima wakiwa fukara, mlezi halazimishwi kuwalisha kwa mali yake. Basi. Hakuna sentensi inayofuata kusema nani atawalisha. Mlezi aliyesingizia kwamba mtoto ni fukara kumbe anayo mali alipelekwa kwa mkuu wa jiji akaadhibiwe, lakini hilo nalo ni kulinda mali. Mtoto fukara kwelikweli anatoka katika ukurasa huo, na kitabu kinaendelea na mambo mengine.

Je, hakwenda kupanga foleni ya nafaka? Mgao wa nafaka ulianza kwa sheria ya mtetezi wa umma Gaius Gracchus ya mwaka 123 KK, aliyewauzia raia ngano kwa bei ndogo isiyobadilika. Mwaka 58 KK mwanasiasa Clodius akaifanya ya bure. Julius Caesar alikuta wapokeaji 320,000 akawapunguza hadi 150,000. Katika enzi ya Augustus walitulia wakiwa zaidi kidogo ya 200,000. Kila mmoja alipata modii 5 kwa mwezi, kama kilo 33 za ngano. Lakini waliostahili ni raia wanaume wakazi wa jiji la Roma, wawe matajiri au maskini. Cicero anasimulia habari ya Piso, aliyewahi kuwa konsuli, cheo cha juu cha dola, na aliyeipinga sheria ya Gracchus kwa nguvu zote, kisha akaonekana amesimama katika foleni ya ngano. Gracchus akamuuliza, imekuwaje? Akajibu: sipendi ugawe mali yangu kwa watu, lakini ukiigawa nitakuja kuchukua fungu langu. Mgao wa namna hiyo ulikuwa haki ya raia katika matunda ya ushindi wa dola, haukuwa sadaka. Mjane na binti yake hawakuwa na fungu, na mkazi wa Napoli au wa Petra, awe na njaa kiasi gani, hakuhusika.

Watoto waliingizwa kwa hisani ya mtawala. Suetonius anasema katika zawadi za fedha desturi ilikuwa kuanzia mwaka wa 11 wa umri, lakini Augustus aliwapa hata walio wadogo zaidi. Seneta na mwandishi Plinius Mdogo, akimsifu Kaisari Trajan mwaka 100, anataja watoto wapatao 5,000, pungufu kidogo, waliozaliwa huru, ambao Trajan aliwatafuta na kuwaandikisha. Anasema wazi walikuwa kwa ajili ya nini: kutoka kwao kambi za jeshi zitajazwa, na makabila ya raia yatajazwa. Neno yatima halimo.

Posho za watoto, ambazo Warumi waliziita alimenta, ndizo zinazokaribia zaidi kile unachokiuliza, na kwa bahati tuna hesabu zake. Mwaka 1747, karibu na Piacenza kaskazini mwa Italia, wakulima walifukua bamba kubwa la shaba, ambalo leo limo katika jumba la makumbusho la Parma. Ni kumbukumbu ya mpango wa Trajan katika mji mdogo wa Veleia. Kaisari hakuwapa watoto fedha moja kwa moja. Aliwakopesha wenye mashamba jumla ya sestersi 1,044,000, kila mmoja akiweka ardhi yake rehani, mkopo ukiwa kama asilimia 8 tu ya thamani ya ardhi. Wao wakalipa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, si kwa Roma bali kwa mji wao, nayo ndiyo iliyowalisha watoto.

Fanya hesabu nami, maana inafurahisha jinsi inavyokaa sawa. Wavulana wa ndoa 245, sestersi 16 kwa mwezi kila mmoja: 47,040 kwa mwaka. Wasichana wa ndoa 34, sestersi 12 kwa mwezi: 4,896. Mvulana mmoja wa nje ya ndoa, 144 kwa mwaka. Msichana mmoja wa nje ya ndoa, 120. Jumla 52,200, ambayo ni asilimia 5 kamili ya 1,044,000. Mkopo mwingine mdogo wa sestersi 72,000 uliwalisha wavulana 18 na msichana mmoja, na idadi yote ikafika 300 kamili.

Kwa nini wasichana ni wachache hivyo? Maelezo yanayonishawishi ni kwamba nafasi zilikuwa za kuhesabika, na familia yenye kuchagua nani aandikishwe ilimwandikisha mvulana, ambaye posho yake ilikuwa kubwa. Bamba linasema nani ni wa ndoa na nani si wa ndoa, nani ni mvulana na nani ni msichana. Halisemi nani ana baba. Kwa waandishi wake hilo halikuwa swali. Kwenye tao la Trajan huko Benevento, la mwaka 114, kuna sanamu za posho hizi zikigawiwa: wanaume wamebeba watoto mabegani, wamewashika mikono. Watoto waliochongwa pale wamekuja na baba zao.

Hadrian alipanua umri hadi miaka 18 kwa wavulana na 14 kwa wasichana. Antoninus Pius, alipofiwa na mkewe Faustina, aliweka posho kwa wasichana walioitwa kwa jina lake. Watu binafsi nao walitoa. Plinius alitaka kuwalisha watoto wa mji wake wa Como kwa mfuko wa sestersi 500,000, akahofia kwamba fedha taslimu zikikabidhiwa mji zitayeyuka, na shamba likiwa la umma litatelekezwa. Akamhamishia wakala wa mji shamba lenye thamani kubwa zaidi, kisha akalikodi mwenyewe kwa sestersi 30,000 kwa mwaka. Mpangaji angepatikana daima, maana shamba lilizaa kuliko kodi yake. Sijaona mfadhili wa zama zile aliyefikiri kwa makini hivyo juu ya miaka ya baada ya kifo chake.

Tarracina, kusini ya Roma, mwanamke aitwaye Caelia Macrina aliacha sestersi 1,000,000 kwa wavulana 100 na wasichana 100, dinari 5 kwa mwezi kwa wavulana na 4 kwa wasichana. Barani Afrika, katika mji wa Sicca Veneria, ambao leo ni El Kef nchini Tunisia, Papirianus alitoa sestersi 1,300,000 katika enzi ya Marcus Aurelius, riba yake iwalishe wavulana 300 na wasichana 300 kuanzia umri wa miaka 3. Ni dinari 2 na nusu kwa wavulana, 2 kwa wasichana. Nakuomba utazame hiyo 2: ni ileile aliyoikataa Babatha kwa mwanawe. Katika maandishi haya mawili, idadi ya wasichana ni sawa na ya wavulana, tofauti na Veleia, nami nafurahi kuona hivyo. Lakini masharti ni ya uraia au ukazi wa mji, na umri. Yatima angeweza kuwa miongoni mwao, sawa na mtoto mwingine yeyote.

Basi yule asiye na chochote alikwenda wapi? Wengi walibaki kwa mama, kwa bibi, kwa wajomba, na sheria haikuandika habari zao kwa kuwa hapakuwa na cha kuandika. Mikataba ya mafunjo kutoka Misri inatuonyesha watoto wakipelekwa kwa mafundi, wafumaji hasa, wajifunze kazi na kulishwa. Wengine waliachwa njiani wakaokotwa, na aliyeokota mara nyingi aliokota mtumwa. Plinius alipokuwa gavana wa Bithynia alimwandikia Trajan kuuliza juu ya watu waliozaliwa huru, wakatupwa, wakalelewa utumwani. Trajan alijibu kwamba wasinyimwe kudai uhuru wao, wala wasilazimishwe kuununua kwa kulipa gharama za malezi. Ni jibu la utu. Lakini ilibidi mtu huyo kwanza ajue kwamba alizaliwa huru.

Konstantino, mwanzoni mwa karne ya 4, aliamuru itangazwe katika miji yote ya Italia, kwenye shaba, kwenye mbao zilizopakwa nyeupe na kwenye vitambaa, kwamba mzazi akileta mtoto asiyeweza kumlea kwa umaskini, apewe chakula na nguo kutoka hazina bila kuchelewa. Kwa mara ya kwanza umaskini wenyewe unakuwa sababu. Lakini anayeleta mtoto bado ni mzazi.

Ukitaka mahali ambapo mambo mawili ya swali lako yanakutana, nenda karne ya 5, Konstantinopoli. Kanisa lilikuwa limejenga nyumba za yatima, na msimamizi wake alikuwa mtu mwenye cheo. Mwaka 472 Kaisari Leo wa Kwanza alitoa sheria, imo katika kitabu cha kwanza cha Kodeksi ya Justinian, mkusanyo wa sheria za makaisari, kwamba wasimamizi hao wawe kama walezi wa kisheria kwa watoto wasiobalehe na kama waangalizi wa mali kwa vijana. Wakawasimamie mahakamani na nje ya mahakama, wala wasidaiwe wadhamini. Sababu aliyoitoa ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu huu: si haki, anasema, kuwasumbua kwa hila watu ambao kwa kumcha Mungu wanawategemeza wadogo waliokosa wazazi na mali, na kuwalea kwa mapenzi ya baba. Ulpian alikuwa amewaacha hao bila sentensi. Ukiandika karatasi yako, weka maandishi hayo mawili ubavu kwa ubavu, Digesta 27.2.3 na Kodeksi 1.3.31, na uyasome yote kabla ya kugusa kitabu chochote cha maelezo.